Springi ngumu si dawa ya klachi ya bodaboda

Pikipiki ya cc 150 inatoka Mikumi kwenda Kilosa na abiria na gunia la mahindi. Ikifika kwenye tope au mlima, dereva anabalansi klachi, anavuta mafuta, anasogea kidogo kidogo. Miezi inapita, halafu siku moja injini inalia lakini pikipiki haiendi. Fundi anasema klachi imekwisha, na mara nyingi anaongeza: tukuwekee springi ngumu, haitateleza tena.

Ushauri huo ni nusu ya ukweli.

Ndani ya klachi ya pikipiki zetu nyingi kuna pleti za msuguano zilizopishana na pleti za chuma, zote zimelowa oili ya injini, na springi zinazibana. Klachi ina kazi mbili: kushika nguvu ya injini bila kuteleza, na kuvumilia joto wakati wa kuondoka.

Chukua gari dogo la mbio kama Lotus Elise ya Uingereza. Mwenye gari akiongeza nguvu ya injini, lazima atafute klachi inayobana zaidi. Lakini gari ni jepesi, linaondoka bila taabu, joto si kubwa. Bodaboda ni kinyume: injini ni ileile ya kiwandani, kilichozidi ni mzigo. Ukiweka springi ngumu na bado ukabalansi mlima mzima, joto liko palepale. Tena mkono wa klachi unakuwa mzito, waya unachakaa mapema, na mshtuko unahamia kwenye gia na mnyororo.

Kwa hiyo kabla ya kununua pleti, msikilizaji, anza na oili. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Oili ya gari, hasa iliyoandikwa kwamba inaokoa mafuta, huweza kuwa na viungo vya kupunguza msuguano. Kwa injini ya gari ni sawa, maana klachi yake ni kavu, iko nje ya oili. Kwenye pikipiki pleti zinateleza hata zikiwa mpya. Angalia chupa: tafuta maneno JASO MA au MA2. JASO MB iache, ni ya skuta zisizo na klachi ya namna hii.

Pili, mkono wa klachi. Kwa pikipiki nyingi ndogo, ncha yake icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kukaza. Ukikazwa mno, klachi haifungi sawasawa na inaungua taratibu.

Kama bado inateleza, nunua seti ya modeli yako. Nenda dukani na pleti za zamani, uzihesabu na kuzilinganisha. Za chuma zilizogeuka bluu au kupinda, badilisha pia; usifunge mpya juu ya mbovu ili kuokoa hela. Springi ziwe za kiwango cha kiwandani. Na mwambie fundi aloweke pleti mpya kwenye oili kabla ya kufunga, kwa sababu zikifungwa kavu huweza kuungua siku hiyohiyo.