Mwanamke Asiye na Mjomba: Masuria kutoka Nyanda za Kusini

Sayyid Said bin Sultan alifia baharini mwezi Oktoba 1856. Tangu hapo mpaka 1893, kiti cha Zanzibar kilikaliwa na wanawe wanne mmoja baada ya mwingine: Majid, Barghash, Khalifa na Ali. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa na mke wa ndoa. Bibi Azza binti Sef, mke wa ndoa aliyekuwa na sauti kuu ndani ya jumba la Mtoni, hakujaaliwa mtoto. Mama yake Majid alikuwa Mcherkesi aliyenunuliwa, jina lake Sara. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Kwa ufupi, kizazi kizima cha masultani kilitoka kwenye matumbo ya watumwa.

Msomaji wa Masasi au Newala anaweza kudhani kwamba hizo ni habari za watu wa pwani. Sivyo. Jumba la sultani lilitafuta masuria wake Uhabeshi na kwenye milima ya Kaukazi, lakini mwenye shamba la karafuu wa Pemba, mfanyabiashara wa Kilwa Kivinje na tajiri wa kawaida wa Unguja hawakuwa na uwezo huo. Wao walichagua miongoni mwa wasichana walioletwa na misafara ya bara, na sehemu kubwa ya misafara hiyo ilitoka upande wetu: Wayao, Wamakua, Wangindo, Wanyasa, na Wamakonde walionaswa kwenye makali ya uwanda wao. Katika miaka mitano iliyoishia 1867, vitabu vya forodha vya Kilwa vilihesabu watumwa wapatao 97,000. Misafara mingine ilipita Masasi na kushukia Lindi na Mikindani.

Kwanza tuweke sawa jambo la sheria, kwa sababu watu wengi huchanganya suria na kimada. Kimada ni mwanamke huru aliyewekwa nyumba, na akitaka anaondoka. Suria ni mtumwa ambaye bwana wake analala naye kwa haki ya umiliki. Sheria ya Kiislamu iliweka mpaka wa wake wanne, lakini haikuweka mpaka wa masuria. Mtoto wa suria, baba akimkubali, alizaliwa huru, akachukua ukoo wa baba na kurithi sawasawa na ndugu zake waliozaliwa na mke wa ndoa. Mama naye, akishazaa, hakuweza tena kuuzwa, kutolewa zawadi wala kuwekwa rehani, na siku bwana wake anapokufa alikuwa huru. Huo ndio mlango wa kupanda cheo, na ulikuwa mmoja tu: uzazi.

Mabadiliko ya maisha yake yalionekana kwa macho. Mjakazi wa shambani alikwenda kichwa wazi na miguu mitupu, jua na mvua vyake. Msichana huyo huyo, akichaguliwa na bwana, aliingizwa ndani, akafunikwa kama waungwana, akapewa vyakula vya waungwana na wajakazi wa kumtumikia. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limekwisha kuachwa njiani. Sasa aliitwa Faida au jina jingine la kumpendeza bwana. Akizaa mtoto wa kiume, wajakazi waliosimama naye jana kwenye mstari wa soko walimshika mikono na kumwamkia shikamoo. Mtu akisoma kumbukumbu za Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kitabu chake Ujerumani mwaka 1886, ataona jinsi mama yake, Jilfidan, binti wa mkulima aliyetekwa vitani akiwa bado mtoto mdogo, alivyofika kuwa mama wa binti mfalme.

Kuna wanaotumia habari kama hizi kusema kwamba utumwa wa pwani ulikuwa laini. Mimi sikubali. Tazameni alivyoshuka, siyo alivyopanda tu. Cheo cha suria hakikuwa mali yake. Kilining'inia kwenye pumzi za watu wawili: bwana na mtoto. Mtoto akifa bado mchanga, mama alibaki na heshima ya jina tu. Bwana akimkana mtoto, mtoto alikuwa mtumwa na mama alirudi alikotoka. Asiyezaa aliweza kuuzwa, au kuozwa kwa mtumwa mwingine wa nyumba ile. Na bwana akifa, suria aliyezaa alipata uhuru lakini hakupata fungu la mirathi. Mke wa ndoa alirithi, watoto wa suria walirithi, yeye akasubiri huruma ya wanawe. Mke mwungwana akidhulumiwa alirudi kwa baba au kaka zake, nao wakaja kudai haki yake. Suria angerudi kwa nani?

Swali hilo ndilo kiini cha jambo zima, na jibu lake tunaweza kulielewa vizuri zaidi sisi wa kusini kuliko watu wa pwani, kwa sababu kwetu mtu huhesabiwa kwa mama. Wayao, Wamakua na Wamakonde wote wanafuata ukoo wa kikeni. Mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Mwanamume akioa huhamia kwa wakwe, hulima huko, na watoto anaowazaa si watu wake. Watu wake ni watoto wa dada yake. Ndiyo maana kwa Wayao ukubwa wa mtu ulianza na kina dada waliomzunguka, yaani mbumba yake, na mrithi wa jumbe alikuwa mpwa.

Sasa fikirini jumbe mwenye tamaa ya kukuza kijiji chake katika karne ya 19, wakati bunduki, nguo na pembe za ndovu zinapita mbele ya mlango wake. Akioa mwungwana, anaongeza watu wa ukoo wa mwingine. Akioa mtumwa, mambo yanageuka. Mwanamke huyo hana kijiji cha kumvuta mume. Hana mjomba wa kuja kudai watoto. Hana dada, hana mama, hana mkubwa wa kuitwa kwenye shauri. Anakaa kwa mume, na kila anachozaa ni cha mume. Jumbe anakuwa baba na mjomba kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mke mtumwa, aliyekuwa chini kabisa kwa cheo, alikuwa na faida kubwa kuliko wote kwa mwenye madaraka. Upungufu wake ndio uliomfanya atafutwe.

Jumbe wa Kiyao Che Nyambi, Mataka wa kwanza wa Mwembe, ng'ambo ya Ruvuma, ndiye mfano mkubwa. Livingstone alifika kwake Julai 1866 akitokea bonde la Ruvuma, akakuta mji aliouhesabia nyumba zisizopungua elfu moja. Padri Yohanna Abdallah, Myao aliyeandika historia ya watu wake kwa Kiyao na kitabu chake kikatoka mwaka 1919, anataja wake wapatao 600. Hakuna mtu anayeoa waungwana 600 kwa kwenda kukaa kwa wakwe. Mji wa namna hiyo ulijengwa kwa wanawake walioletwa, na wengi wao waliletwa kwa vita na kwa biashara.

Walifikaje hapo walipokatwa na kwao? Wengine walitekwa kwa silaha. Wamakonde walikimbilia juu ya uwanda, ndani ya vichaka vikali ambavyo adui hakuvipita kwa urahisi, lakini juu hakukuwa na maji. Wanawake wa Newala walishuka mteremko kwenda kuteka chemchemi za chini, na njia ya maji ni mahali pepesi pa kumvizia mtu. Wengine walilipwa kama deni au fidia ya kesi. Swema, msichana wa Kiyao aliyeuzwa miaka ya 1860 na ambaye habari zake ziliandikwa na wamisionari Wakatoliki wa Zanzibar, hakuwa suria, lakini kisa chake kinaonyesha kamba inavyokatika. Mama yake alikuwa mjane anayeishi mbali na ndugu. Alikopa nafaka, akashindwa kulipa, na mdai akamchukua binti. Mama aliufuata msafara akiomba achukuliwe naye, akaishiwa nguvu njiani na kuachwa afe. Laiti wajomba wangekuwa karibu, deni lile lingezungumzwa barazani.

Hapa ndipo pwani na bara zinapoachana kwa namna inayostahili kutazamwa kwa makini. Pwani mtoto wa suria aliweza kuwa sultani, kwa kuwa damu ilihesabiwa kwa baba na mama hakuwa na uzito katika hesabu hiyo. Kwetu mtoto wa mke mtumwa aliweza kuwa shujaa wa vita, kiongozi wa msafara, hata kupewa kijiji cha kusimamia chini ya baba yake, lakini kurithi kiti cha baba ilikuwa vigumu, kwa kuwa kiti kilipita kwa dada wa jumbe. Alikosa ukoo kwa sababu mama yake alikosa ukoo. Yaani mfumo ambao tunausifu, na kwa haki, kwamba unampa mwanamke nafasi, ndio huo huo uliombana zaidi mwanamke mgeni. Heshima ya mwanamke kwetu ilitoka kwa ndugu zake wa kike na wa kiume. Aliyevuliwa ndugu alivuliwa vyote, na wanawe pamoja naye.

Mwezi Novemba 1876 Askofu Edward Steere aliingia Masasi na watu walioachiwa huru, zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, kutoka Zanzibar. Shabaha yake ilikuwa kuwasogeza karibu na walikotoka. Akaishia Masasi, na kijiji kikaanza. Tatizo lao lilikuwa lile lile. Walikuwa huru, lakini hawakuwa na wajomba. Misheni ikawa mjomba wao: iliwaoza, ikawagawia mashamba, ikaamua kesi zao. Septemba 1882 Wangoni, waliojulikana huku kama Magwangwara, waliishambulia Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Wapo waliotolewa utumwani mara moja na kutiwa tena, na mwanamke aliyetekwa vitani kwa kawaida aligawiwa kwa mwanamume. Baada ya pigo hilo wamisionari waliegemea Newala, kwa Matola, jumbe wa Kiyao aliyewapokea.

Kanisa nalo lilileta shida ya aina yake. Mwanamume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mmoja. Sheria hiyo ilitungwa kwa nia njema, lakini ilisahau kuuliza wanaoachwa watakwenda wapi. Mwungwana aliyeachwa alifunga mzigo akarudi kwa kaka yake. Mke mtumwa alitolewa kwenye nyumba pekee aliyokuwa nayo, na watoto wakabaki kwa baba.

Serikali za kikoloni hazikuwa na haraka naye. Amri ya Zanzibar ya Aprili 1897 ilipofuta hadhi ya utumwa mbele ya sheria, masuria waliachwa nje. Ilisemwa wahesabiwe kama wake, na suria aliruhusiwa kuomba kuachana na bwana kwa sababu ya ukatili tu, tena authibitishe mahakamani. Wenye mali waliogopa kuguswa nyumba zao, na Waingereza waliwasikiliza. Masuria walingoja hadi 1909, na hata hapo aliyeondoka bila ridhaa ya bwana alipoteza haki ya kukaa na watoto wake. Ni uhuru gani huo, ambao bei yake ni mtoto? Huku bara, Wajerumani hawakufuta utumwa. Walitangaza tu kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Mke mtumwa wa Newala alifutiwa utumwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Miaka 100 na ushei imepita, na wajukuu wa wanawake hao wapo. Tumechanganyika nao, tumezaa nao, na wengi wetu ndio wenyewe. Mgogoro hujitokeza pale mikorosho inapogawanywa, mzee mmoja anapokumbusha kwamba bibi wa fulani "aliletwa". Mtu anayesema hivyo anarudia kauli ya mwenye mtumwa: kwamba asiye na mjomba hana fungu. Sheria ya nchi imekwisha kulijibu jambo hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake au watoto haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi. Na Katiba inakataza ubaguzi unaotokana na mahali mtu alikotoka. Ninawaomba wajumbe wa mabaraza ya ardhi ya vijiji vya Masasi na Newala waikatae hoja hiyo siku ile ile inapotamkwa, na kuandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba wameikataa, ili isije ikaletwa tena dhidi ya watoto wa nyumba hiyo.