Je, Greene Aliharakisha Mwisho?

Katika riwaya ya Graham Greene, The Power and the Glory (1940), padre mlevi anawindwa na serikali ya jimbo moja la Meksiko tangu mwanzo. Kifo chake, lakini, kinapita upesi: tunakiona kwa mbali, dirishani kwa daktari wa meno anayemtibu mkuu wa polisi! Msomaji aweza kuhisi amepunjwa. Mimi sioni haraka hapo. Swali zito lilikuwa kama waamini watabaki bila Misa wala Kitubio. Usiku, mtu anabisha hodi. Kijana aliyemwona luteni, mwindaji wa padre, kuwa shujaa, anafungua. Ni padre mwingine. Kijana anambusu mkono kabla ya kujua anaitwa nani.