Kodi Ikipanda, Deni Analipa Nani?

Tarehe 4 Agosti 2009, wapiga kura wa Columbus, makao makuu ya jimbo la Ohio nchini Marekani, waliulizwa kama wanakubali kodi ya mapato ya jiji lao ipande kutoka asilimia 2 hadi asilimia 2.5. Uchumi ulikuwa umeyumba tangu mwaka uliotangulia, benki kubwa zilikuwa zimeanguka na waajiri walikuwa wakipunguza watu. Hata hivyo walikubali, ingawa kwa tofauti ndogo ya kura. Miaka ishirini na minane kabla yao, Juni 1981, wapiga kura wa Detroit walikubali nyongeza kubwa zaidi. Columbus bado inaaminiwa na wakopeshaji. Detroit ilifilisika. Kiwango cha kodi peke yake hakielezi tofauti hiyo. Ili kuielewa, inabidi kuuliza ni nani aliyebaki mjini kuilipa kodi, na fedha zilizokopwa zilikwenda wapi.

Afrika Mashariki, kodi inayokatwa kwenye mshahara huenda kwa TRA ya Tanzania au KRA ya Kenya, yaani serikali kuu. Jiji hubaki na leseni, ushuru wa masoko, maegesho na mengineyo ya aina hiyo. Kenya imeliweka jambo hili ndani ya Katiba ya 2010: kodi ya mapato ni ya serikali ya kitaifa, kaunti haiigusi. Marekani mambo ni tofauti katika baadhi ya majimbo. Mfanyakazi hukatwa kodi ya shirikisho, kisha ya jimbo, kisha ya jiji. Philadelphia ndiyo iliyofungua njia mwaka 1939, ikiwa imeelemewa baada ya miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, ilipopitisha kodi ya asilimia 1.5 ya mshahara. Leo Ohio pekee ina mamia ya miji na vijiji vinavyotoza kodi hii.

Sheria ya Ohio inaliruhusu baraza la mji kutoza hadi asilimia 1 bila kumuuliza mtu. Zaidi ya hapo, lazima wananchi wapige kura. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawaligundui mpaka waisome stakabadhi ya mshahara: kodi hulipwa kwanza pale mtu anapofanyia kazi. Anayelala mji wa jirani na kufanya kazi katikati ya Columbus huilipa Columbus kiwango kizima, ilhali kura yake iko kwao. Siku ile ya Agosti, sehemu kubwa ya watakaolipa haikuwa na karatasi ya kura mkononi.

Meya Michael Coleman alikuwa na hoja ambayo kila mtu aliweza kuiona. Mwanzoni mwa mwaka huo jiji lilikuwa limewaachisha vijana waliokuwa wakijifunza upolisi. Ni fedha za serikali ya shirikisho za kuinua uchumi zilizowarudisha 25 kati yao, na Rais Barack Obama alikwenda mwenyewe kwenye mahafali yao mwezi Machi. Fedha za namna hiyo huja mara moja tu. Bila kodi mpya, zamu ya askari wengine, wazimamoto na huduma za mitaani ingefuata.

Upande wa pili nao haukukosa hoja, na mojawapo ilikuwa nzito kuliko ilivyopewa nafasi. Kodi ya mapato ya miji ya Ohio haigusi pensheni, haigusi riba ya benki, haigusi gawio la hisa. Inagusa ujira, na faida ya biashara. Haina ngazi: anayepakia mizigo ghalani hukatwa asilimia ileile anayokatwa mkurugenzi wa benki, tena kuanzia dola ya kwanza. Columbus ina mojawapo ya jamii kubwa kabisa za Wasomali Marekani, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi nchini Kenya, na wengi wameanzia maisha kwenye maghala na viwanda vya pembezoni mwa jiji. Kwa familia ya aina hiyo nusu ya asilimia ni nauli na unga. Anayeishi kwa gawio la hisa haguswi hata kidogo. Mjadala wowote wa kupandisha kodi hii unaoliruka jambo hilo haujawatendea haki wanaoulizwa.

Pamoja na hayo, Columbus ilikuwa na utaratibu ambao Detroit haikuwa nao. Robo ya mapato ya kodi hiyo hutengwa kulipia madeni ya miradi ya kudumu. Jiji likitaka kujenga barabara au kituo cha zimamoto huuza hatifungani: mwekezaji analikopesha fedha leo, nalo linamlipa riba kila mwaka na kumrudishia mtaji baada ya miaka kumi, ishirini au zaidi. Tangu 1913, riba ya hatifungani za miji na majimbo kwa kawaida haitozwi kodi ya mapato ya shirikisho, ndiyo maana mwekezaji hukubali riba ndogo. Deni la namna hii lina haki yake. Barabara itatumiwa miaka thelathini, basi hata atakayehamia mjini mwaka wa ishirini atachangia gharama yake. Mkopeshaji akijua kwamba robo ya kodi imewekwa kando kwa ajili yake, hapandishi riba.

Kisha kuna suala la mipaka. Miaka ya 1950, chini ya Meya Maynard Sensenbrenner, Columbus iliwaambia waendelezaji wa ardhi za pembezoni kwamba anayetaka maji na mfumo wa majitaka wa jiji akubali eneo lake liingizwe ndani ya jiji. Waliohama katikati ya mji walijikuta bado wakazi wa Columbus. Watu wapatao 376,000 wa mwaka 1950 walikuwa wamefika zaidi ya 905,000 katika sensa ya 2020.

Detroit haikuwa na pa kupanukia, maana miji mingine ilikuwa imeizunguka. Ilianza kodi ya mapato mwaka 1962, meya akiwa kijana Jerome Cavanagh, kwa asilimia 1 kwa mkazi na asiye mkazi. Miaka miwili baadaye jimbo la Michigan liliweka sharti kwamba asiye mkazi asitozwe zaidi ya nusu ya kiwango cha mkazi. Kwa hiyo kila aliyehama hatua chache nje ya mpaka wa jiji, akaendelea na kazi yake ileile, alijipunguzia kodi angalau kwa nusu. Walihama kwa mamia ya maelfu, na si kwa ajili ya kodi tu. Ubaguzi wa rangi katika makazi, barabara kuu zilizorahisisha kuishi mbali, viwanda vya magari vilivyohamia mashambani na ghasia za 1967 mjini humo viliwasukuma pamoja. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu wapatao milioni 1.85, mwaka 2010 walibaki 713,777.

Katikati ya anguko hilo ndipo ilipokuja kura ya 1981. Meya Coleman Young, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuliongoza jiji hilo, alikuwa na nakisi kubwa na kufilisika kukibisha hodi. Aliwaomba wananchi wapandishe kodi ya mkazi kutoka asilimia 2 hadi 3, na ya asiye mkazi kutoka 0.5 hadi 1.5. Wafanyakazi wa jiji nao waliombwa wakubali mishahara yao isiongezwe, na hatifungani zikauzwa kuziba pengo. Wengi walikubali, na jiji likavuka mwaka ule. Waliokubali walikuwa watu wenye moyo na mji wao, na hawastahili kulaumiwa kwa yaliyofuata. Ila hatifungani zile hazikujenga barabara wala kisima. Zililipia matumizi yaliyokwisha kufanyika, na waliokuja kuzilipa ni wakazi wachache zaidi, tena maskini zaidi, kuliko walioyafanya.

Hata kodi iliyokuwa halali haikukusanywa yote. Sheria ya Michigan haimlazimishi mwajiri aliye nje ya Detroit kumkata mkazi wa Detroit kodi ya jiji lake. Mtu anayeishi mjini na kufanya kazi katika kiwanda cha mji wa jirani anatakiwa aijaze fomu na kulipa mwenyewe, na wengi hawakufanya hivyo. Kati ya 2002 na 2012 mapato ya kodi hiyo yalishuka kwa karibu asilimia 30.

Badala ya kulikabili pengo, viongozi walikopa tena. Mwaka 2005, chini ya Meya Kwame Kilpatrick, jiji lilichukua dola bilioni 1.44 kujaza mifuko ya pensheni. Sehemu kubwa ya mkopo ilikuwa na riba inayobadilika, hivyo jiji likaingia mkataba na UBS na Merrill Lynch: lilipe riba isiyobadilika, benki zilipe inayofuata soko. Riba za soko ziliporomoka mwaka 2008 na jiji likakwama na mzigo wake wa kudumu. Mwaka 2009 lilizipa benki dhamana ya mapato ya kasino zake, chanzo kilichokuwa kimesalia imara kuliko vyote. Kufikia 2012, senti 38 za kila dola iliyoingia zilikwenda kwenye madeni na mafao ya waliokwisha kustaafu, na makadirio yalionyesha zingefika 65 mwaka 2017. Taa za barabarani, kama asilimia 40, hazikuwaka.

Tarehe 18 Julai 2013 Detroit ilikwenda mahakamani kutangaza kufilisika, ikiwa na deni la takriban dola bilioni 18. Marekani haijapata kuona jiji likifilisika kwa kiasi hicho kabla wala baada. Kodi ya mapato haikupandishwa. Waliobeba mzigo ni wakopeshaji na wastaafu. Wastaafu wa idara za kawaida walipunguziwa pensheni kwa asilimia 4.5 na kunyimwa nyongeza za kufidia kupanda kwa bei, na bima ya afya waliyoahidiwa ikakatwa vibaya. Wangeumia zaidi kama mifuko ya hisani, serikali ya jimbo na jumba la sanaa la Detroit visingetoa ahadi za dola milioni 816, zilizookoa kwa pamoja pensheni na michoro ya jumba hilo, ambayo ingeweza kuuzwa kulipia madeni. Aliyefagia barabara za jiji kwa miaka thelathini hakuwahi kukaa mezani na benki yoyote, lakini deni lilimfikia.

Kwa hiyo meya anapoomba nyongeza, mkazi ana haki ya kudai hesabu mbili kabla hajapiga kura: orodha ya kila hatifungani na kilichojengwa nayo, na idadi ya walipa kodi miaka kumi iliyopita ikilinganishwa na leo. Hesabu ya pili imekuwa ngumu hata kwa Columbus tangu janga la korona lilipowapeleka wafanyakazi majumbani. Ohio ilitunga sheria ya muda mwaka 2020 kwamba anayefanyia kazi nyumbani ahesabiwe kama yuko ofisini, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaibariki Februari 2024. Muda wa sheria hiyo umekwisha. Sasa mfanyakazi anayekaa nyumbani, nje ya mpaka, siku tatu kati ya tano anaweza kudai arudishiwe kodi ya siku hizo tatu, wakati hatifungani zilizouzwa kwa kutegemea mshahara wake mzima zina miaka mingi mbele kabla ya kuiva.