Setilaiti Hupimaje Joto la Ardhi?

Ninyi mlio darasani, wekeni kalamu chini kwanza. Tusikilize, kuandika ni baadaye.

Mzee mmoja wa darasa langu la jioni alisikia ya kwamba mwaka 2005, katika jangwa la Lut nchini Iran, setilaiti ilipima joto la digrii 70.7 za sentigredi. Akaniuliza, "Bwana Mwalimu, joto hilo likija kwetu, wajukuu wangu watapona?" Swali lake lilikuwa la haki. Lakini kuna neno moja ambalo hakuambiwa: joto lile lilikuwa la ardhi, si la hewa.

Basi, setilaiti hupimaje ardhi bila kuigusa? Je, umepata kupita usiku karibu na tanuri la matofali? Moto huuoni, wala hukugusa kitu, lakini shavu lako linajua. Kila kitu hutoa miali ya joto isiyoonekana kwa macho: udongo, mti, jiwe, hata mwili wako. Joto la kitu likizidi, miali nayo huzidi. Setilaiti iitwayo Landsat 8, iliyorushwa na Marekani mwaka 2013, huzunguka dunia kilometa 705 juu yetu, nayo ina chombo cha kupokea miali hiyo. Kisha wataalamu hupiga hesabu, wakapata digrii.

Hesabu hizo zina mitego. Wingu likitanda, chombo hupokea miali ya mgongo wa wingu, nao ni baridi. Ardhi iliyo chini yake haipimwi. Tena kuna bati. Bati jipya linalong'aa huunguza mkono saa saba mchana, lakini hutoa miali michache kuliko udongo wenye joto lile lile. Mtu asiyelijua jambo hilo ataandika kwamba paa lile ni baridi. Na apande juu yake bila viatu, aone! Kwa hiyo ni lazima kwanza ijulikane mahali pale pamefunikwa na nini: bati, majani, maji au mchanga.

Usitafute nyumba yako katika picha hiyo. Chombo hupima kipande cha meta 100 kwa meta 100, mapaa, miembe na barabara vyote vikachanganywa pamoja. Lakini mtaa mzima usio na miti huonekana, na hapo wapangaji wa mji wana kazi ya kufanya.

Nilimwambia mzee wetu kwamba joto la hewa hupimwa kivulini, juu kidogo ya ardhi, na kwamba udongo mtupu wenye kupigwa na jua huzidi hewa kwa digrii nyingi. Akasema, "Kumbe ndiyo maana kuku hukimbilia chini ya mwembe."

Sasa shikeni kalamu. Kesho saa saba mchana, wekeni kiganja juu ya udongo ulio juani, kisha juu ya udongo ulio chini ya mti. Andikeni sentensi moja kwa kila mahali, mje nazo darasani. Kwaherini.