Je, Wajua? Nero na Simba wa Sinema

Kila Pasaka ikikaribia, televisheni huzirudisha filamu zilezile za Roma: moto, simba, waumini wakiingia uwanjani huku wanaimba. Zinaliza watu, na hilo sina ugomvi nalo. Ila mengi yaliyomo hayakutoka kwenye Biblia wala kwa waandishi wa Kirumi. Yametoka kwa wachoraji na watunzi wa riwaya wa juzi juzi tu.

Je, wajua kwamba Nero hakuwahi kuuona uwanja wa Colosseum? Alikufa mwaka 68. Ulijengwa na waliomfuata, ukazinduliwa mwaka 80. Enzi zake mahali pale palikuwa na ziwa la kuchimbwa, sehemu ya bustani za jumba lake la kifahari.

Na simba? Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyeandika kama miaka 50 baada ya moto wa Roma wa mwaka 64, anayataja mateso ambayo Nero aliwapa Wakristo. Wapo waliovikwa ngozi za wanyama wakararuliwa na mbwa. Wapo waliosulubiwa. Wapo waliowashwa moto giza lilipoingia ili wawe taa katika bustani za mfalme. Simba hata mmoja hamtaji. Mtu anayeona haja ya kuongeza simba juu ya habari kama hiyo, sijui anataka nini zaidi.

Je, wajua kwamba moto ulipoanza Nero hakuwa mjini? Alikuwa Antium, pwani. Aliporudi alizifungua bustani zake ziwe makazi ya waliounguliwa na nyumba. Fidla anayosingiziwa kuipiga mji ukiungua ilikuja kubuniwa karne ya 16. Yeye chombo chake kilikuwa kinubi.

Je, wajua kwamba kisa cha Petro kukutana na Yesu njiani akiikimbia Roma hakimo katika Biblia? Kimo katika Matendo ya Petro, kitabu cha karne ya 2 ambacho kanisa halikukipokea kuwa Maandiko, na humohumo ndimo tunamsoma Petro akisulubiwa kichwa chini. Mwandishi wa Poland, Henryk Sienkiewicz, alikijengea riwaya yake Quo Vadis, na Hollywood ikaifanya filamu kubwa mwaka 1951.

Filamu ya The Robe ya mwaka 1953 inamweka Kaisari Caligula akiwahukumu Wakristo. Hakuna mwandishi wa kale anayesema Caligula aliwatesa Wakristo. Ugomvi wake mkubwa wa kidini ulikuwa na Wayahudi, alipoamuru sanamu yake isimamishwe katika hekalu la Yerusalemu.

Na shujaa wa filamu ya Ben-Hur akipiga makasia amefungwa minyororo? Wapiga makasia wa manowari za Kirumi kwa kawaida walikuwa watu huru wenye mshahara.

Je, wajua kwamba katakombu za Roma hazikuwa maficho? Zilikuwa makaburi, wakuu wa mji walijua ziliko, na kuishi humo mtu asingeweza kwa sababu ya hewa mbovu na giza. Tena zile za Kikristo zilianza kuchimbwa mwishoni mwa karne ya 2. Kwa hiyo Petro wa filamu anayehubiri ndani ya katakombu amewahi kwa zaidi ya miaka 100. Wakristo wa mwanzo walikutana majumbani, mezani.

Simba walikuja kutajwa baadaye, na hata hapo mambo hayakwenda kama kwenye sinema. Katikati ya karne ya 2 huko Smirna, umati ulimtaka mkuu wa michezo amfungulie simba askofu mzee Polikarpo. Akakataa: maonyesho ya wanyama yalikuwa yamekwisha kufungwa, haikuwa halali kuyafungua tena. Polikarpo akahukumiwa kuchomwa moto. Sijaona mwandishi wa filamu mwenye ujasiri wa kuandika onyesho ambalo simba anakosekana kwa sababu ya utaratibu.

Lakini kama ningepewa kamera leo, ningekwenda Karthago, Tunisia ya sasa, mwaka 203. Perpetua alikuwa na miaka 22, amesoma, ana mtoto wa kunyonya, na gerezani aliandika mwenyewe habari zake. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo yaliyotufikia. Anaeleza baba yake, ambaye hakuwa Mkristo, akija kumsihi tena na tena, akimbusu mikono na kujitupa miguuni pake. Pamoja naye alikuwa Felisita, mtumwa mwenye mimba ya miezi minane, aliyehofu kwamba wenzake watauawa wamwache, maana sheria ilikataza kumwua mjamzito. Akajifungulia gerezani. Uwanjani waliachiliwa ng'ombe jike mkali. Mwishowe mikono ya kijana aliyepewa upanga ilitetemeka, na Perpetua akauongoza upanga shingoni mwake mwenyewe. Uongeze nini hapo?

Je, wajua kwamba katika karne mbili za kwanza hakukuwa na amri ya kuwasaka Wakristo dola nzima? Mnamo mwaka 112 Kaisari Trajani alimwandikia liwali wake Plini kwamba wasitafutwe. Wakishtakiwa na kuthibitika, ndipo waadhibiwe, na mashtaka yasiyo na jina la mshtaki yatupwe. Mateso yalizuka mji mmoja yakapoa, yakazuka kwingine.

Amri iliyogusa dola nzima ilitolewa na Kaisari Decius karibu mwaka 250, na silaha yake ilikuwa karatasi. Kila mtu atoe sadaka kwa miungu mbele ya kamati, apewe cheti. Zaidi ya vyeti 40 vimepatikana katika mchanga wa Misri, kimoja cha kuhani wa kike wa mungu mamba, ambaye hakuna mtu angemshuku kuwa Mkristo! Wapo Wakristo waliohonga wakapata cheti bila kutoa sadaka, na makanisa yakagombana miaka mingi kuhusu kuwapokea tena. Foleni ofisini, rushwa, majirani wanaotazamana: tamthilia tayari, na watengenezaji wa filamu wanaipita.

Harakaharaka sasa. Paulo hakuanguka kutoka kwenye farasi njiani kwenda Dameski; Matendo ya Mitume haimtaji farasi, aliletwa na wachoraji. Wala Sauli hakubadilishwa jina kuwa Paulo siku ile. Anaendelea kuitwa Sauli hadi sura ya 13, akiwa Kipro. Maria Magdalena hakuwa kahaba katika Injili yoyote. Mwaka 591 Papa Gregori alimchanganya na mwanamke mwingine katika mahubiri. Na yule towashi Mwethiopia aliyebatizwa na Filipo njiani kwenda Gaza? Waigizaji wengi humvisha mavazi ya Ethiopia ya leo, ilhali malkia wake Kandake alitawala Meroe, katika Sudan ya sasa.

Filamu ya Paul, Apostle of Christ ya mwaka 2018 inasimulia siku za mwisho za Paulo gerezani Roma. Matendo ya Mitume yenyewe inamwacha katika nyumba ya kupanga, akipokea wageni.