Unanyanyua gari la familia? Anza na breki

Desemba ikikaribia, Wachaga waishio Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na kwingineko huanza kuhesabu siku za kupanda nyumbani. Gari nalo huanza kuandaliwa. Kwa familia nyingi gari hilo ni Land Cruiser ya zamani, 80 au 100, ambayo mtaani huitwa tu VX. Umri wake umepita miaka 20, injini bado ina nguvu, na inabeba wazazi, watoto, shangazi, mizigo na mikungu ya ndizi ya kurudi nayo bila kunung'unika. Wapo wanaoona haitoshi. Kabla ya safari wanaipeleka gereji inyanyuliwe: springi ndefu, shokapu mpya na matairi makubwa yanayojaza madigadi.

Sababu wanazotoa zinaeleweka. Ukishaiacha lami na kuingia njia za kihambani, iwe Kibosho, Uru, Old Moshi au Machame, unakutana na udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Kuna mawe yaliyochomoza, kuna mifongo inayokatiza njia, kuna kona ambazo gari likikwama majirani wote wanaitwa kusukuma. Ipo na sababu nyingine ambayo wengi hawaisemi: gari lililonyanyuliwa linapendeza, hasa likiegeshwa nje ya kanisa siku ya Krismasi. Si dhambi. Ila gari la familia lina abiria ambao hawakuulizwa.

Difu halipandi

Jambo la kwanza ambalo mwenye gari anapaswa kulijua kabla ya kutoa fedha ni hili: kunyanyua gari na kuinua sehemu inayogonga mawe ni vitu viwili tofauti.

Land Cruiser 80, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, ina ekseli nzima mbele na nyuma. Bonge la difu limekaa kwenye ekseli, na mara nyingi ndilo linalokutana na jiwe kwanza. Ukifunga springi zinazoongeza inchi mbili, bodi itapanda inchi mbili. Difu halitapanda hata milimita moja, kwa kuwa lenyewe liko chini ya springi, pamoja na matairi. Kinachoinua difu ni tairi tu. Tairi la ukubwa wa 275/70R16, ambalo magari mengi ya aina hiyo yalitoka nalo kiwandani, lina kimo cha sentimita 79 hivi. Tairi la 285/75R16, linalopendwa na wanaobadilisha, lina kama sentimita 83. Nusu ya tofauti hiyo ndiyo inayoongezeka chini ya difu. Ni sentimita mbili, upana wa kidole gumba.

Kwa 100 mambo yako tofauti kidogo. Nyingi hazina ekseli nzima mbele, na fundi anaweza kuzipandisha kwa kukaza boliti mbili tu, kazi ya muda mfupi na gharama ndogo. Matokeo yake gari linakuwa gumu kama mkokoteni, na viungo vya shafti za mbele vinakaa kwenye pembe kali na kuchakaa mapema.

Kinachopandisha gari kwenye utelezi kwa kiasi kikubwa ni meno ya tairi, upepo uliopunguzwa kidogo (na kujazwa tena kabla ya kurudi kwenye lami), loki ya difu, na dereva asiye na haraka. Hayo yote yanaweza kupatikana bila kunyanyua bodi. Seti ya matairi mapya yenye meno mazuri, ya ukubwa uleule wa kiwandani, humaliza shida ya familia nyingi.

Kupanda ni nusu ya safari

Lango la Marangu liko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Moshi mjini haifiki mita 900. Maana yake familia iliyopanda kumsalimia bibi upande wa juu italazimika kushuka wima wa mamia ya mita, gari likiwa limejaa watu na ndizi, na kazi ya kulizuia inafanywa na breki zilizoundwa kwa matairi madogo.

Tairi kubwa ni zito zaidi, na kwa kuwa ukingo wake uko mbali zaidi na kitovu, breki inahitaji nguvu zaidi kulisimamisha. Ni kama kuzuia panga boi kwa kushika katikati badala ya kwenye ncha. Mtu akifunga 315/75R16, tairi lenye kimo cha karibu sentimita 88, tofauti inafika asilimia 11. Gia nazo zinakuwa ndefu kwa kiwango hichohicho, kwa hiyo hata injini inashindwa kulishika gari vizuri kwenye mteremko, na mguu wa dereva unabaki kwenye pedali. Breki zikipata moto mno hupoteza nguvu taratibu, mpaka pedali inakanyagwa na gari haliitikii inavyotakiwa.

Kuna kitu kingine ambacho ni rahisi kukisahau. Kwenye Land Cruiser nyingi za miaka hiyo, nyuma kuna valvu ndogo yenye kijiti kilichounganishwa na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Bodi ikishuka kwa uzito, breki za nyuma zinaongezewa nguvu. Bodi ikiwa juu, zinapunguziwa. Sasa nyanyua bodi bila kurekebisha kijiti hicho. Valvu itaamini gari ni tupu hata kama ndani wamekaa watu saba. Mipira ya breki nayo isipobadilishwa kuwa mirefu inavutika kila gurudumu linapoingia shimoni, na siku ikikatika haitakatika gari likiwa limeegeshwa.

Mshale wa mwendo pia unadanganya. Kwa matairi ya asilimia 11 zaidi, dereva anayeona 80 kwenye dashibodi anakwenda karibu 89, na anayedhani ametii 50 kwenye makazi ya watu anakwenda zaidi ya 55. Askari mwenye tochi hasomi dashibodi ya mtu.

Watu wanaolipa gharama

Wahandisi wa Marekani wana kipimo kinachotumiwa na mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA, kukadiria urahisi wa gari kupinduka. Wanachukua nusu ya upana kati ya matairi ya kushoto na ya kulia, wanagawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito. Magari madogo ya kawaida hupata kati ya 1.3 na 1.5. Magari makubwa ya aina ya Land Cruiser huanzia 1.0 hadi 1.3. Tuseme gari lina nusu upana wa sentimita 80 na kitovu chake kiko sentimita 75 kutoka ardhini: linapata 1.07. Lipandishe sentimita saba, linashuka hadi 0.98. Kisha weka keria na magunia juu ya paa, kitovu kinapanda tena. Ng'ombe akikatiza ghafla kwenye barabara ya Same, usiku, dereva akakata usukani, tofauti hiyo inaacha kuwa hesabu ya darasani. Na gari la miaka ya 1990 halina mfumo wa kielektroniki wa kulizuia lisiyumbe, ambao Marekani iliulazimisha kwa magari mapya madogo na ya wastani kuanzia toleo la 2012.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watu wenye umri wa miaka mitano hadi 29. Katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, watafiti wamekuwa wakifuatilia wagonjwa walioumia kichwa, na wameona kuwa ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu na wengi wa waathirika ni vijana wa kiume. Gari linapopinduka, kinachoamua zaidi nani anafika huko na nani harudi nyumbani ni mkanda. Mtoto aliyepakatwa hana mkanda. Kabla ya kuulizia bei ya springi, hesabu mikanda inayofanya kazi kwenye kiti cha nyuma.

Wa nje ya gari nao wamo. Taasisi ya IIHS ya Marekani ilichambua ajali karibu 18,000 za watembea kwa miguu na kuripoti mwaka 2023 kwamba magari makubwa yenye boneti iliyozidi takriban mita moja kutoka ardhini yana uwezekano wa asilimia 45 zaidi wa kuua mtu yanayemgonga, kuliko gari dogo lenye boneti fupi iliyoinama. Boneti ndefu inampiga mtu mzima kifuani na mtoto kichwani. Tena inamficha. Njia za kihambani zimepakana na uzio wa masale, watoto wanachomoka bila kuonekana, na wakati wa sikukuu uwanja mmoja una wajukuu kumi ambao hawajazoea magari ya pale. Kila inchi inayoongezwa inapanua eneo la mbele ambalo dereva halioni. Kabla ya kuwasha gari, mtu mzima mmoja ashuke, awakusanye watoto wote upande mmoja anaowaona.

Halafu yupo bibi. Gari la kawaida mzee anakaa kwanza, kisha anageuza miguu. Gari lililonyanyuliwa haliruhusu hivyo, kwa kuwa kiti kiko juu ya kiuno chake. Lazima apande kwa mguu mmoja, goti bovu likibeba mwili wote. Kushuka ni kubaya zaidi, maana haoni anapokanyaga. Mzee mwenye mifupa dhaifu akianguka na kuvunjika nyonga, kinachofuata ni wiki nyingi kitandani, pamoja na hatari ya nimonia, damu kuganda miguuni na vidonda vya mgongo. Mama mjamzito ana tatizo linalofanana na hilo.

Juu kule mlimani, gari la familia ndilo gari la wagonjwa la mtaa mzima. Usiku uchungu ukimshika mtu, jirani mwenye gari ndiye anayegongewa mlango ampeleke hospitali ya Kibosho, Machame, Kilema au Marangu. Kumnyanyua mgonjwa asiyeweza kusimama hadi kwenye kiti kilicho usawa wa kifua, gizani, kwenye matope, ni kazi ya watu wanne.

Ukiamua, uliza haya

Wapo wanaohitaji kweli: gari linabeba mzigo kila siku na springi za zamani zimelala. Hao kwao kubadilisha springi ni matengenezo, na ongezeko la inchi mbili na tairi la 285/75R16 ni mpaka ambao mwenye busara hauvuki. Moshi haina uhaba wa mafundi wanaojua kazi hii, kwani magari ya watalii yamewafundisha. Wa kumkwepa ni fundi anayetaka kuweka spesa juu ya springi zilizochoka, au spesa kati ya rimu na kitovu cha gurudumu ili gari litanuke.

Fundi aulizwe kuhusu valvu ya breki za nyuma na mipira mirefu. Aulizwe atarekebishaje pembe ya ekseli ya mbele, kwani isiporekebishwa usukani unatangatanga kwenye lami na haurudi wenyewe baada ya kona. Taa zishushwe, la sivyo zitawapofusha wanaokuja mbele. Ngazi za pembeni na mshikio wa mlangoni zifungwe siku hiyohiyo, na kampuni ya bima ijulishwe.

Matairi yasomwe kabla ya kulipiwa. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokauka. Tairi la akiba liwe la ukubwa uleule na mengine, kwa sababu gari linaloendeshwa na magurudumu yote muda wote halivumilii moja kuwa dogo. Difu la katikati litaumia kabla hujafika Korogwe.