Waliotubeba

Tangu Juni 2025 tunavuka Kigongo hadi Busisi kwa dakika chache, juu ya daraja la kilomita tatu. Zamani tulisubiri kivuko tukila mahindi ya kuchoma. Leo tunaona lami na taa tu. Nguzo zilizozama ziwani hatuzioni.

Nguzo hizo zilinijia akilini niliposoma habari za sifongo. Ndiyo, jamii ileile ya sifongo iliyojazwa siki pale msalabani. Wengi hudhani ni mmea, kumbe ni mnyama. Zipo za vilindini ambazo mifupa yake ni ya kioo. Huyanyonya majini madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga wa kutengenezea vioo. Wajerumani wa meli Valdivia walizivua katika Bahari ya Hindi, upande wetu huu wa Afrika Mashariki, katika safari yao ya 1898 na 1899.

Zile zinazojenga miamba ziko mbali, baharini magharibi mwa Kanada. Watafiti waliigundua miamba hiyo mwaka 1987, na umri wake ni miaka ipatayo 9,000. Sifongo ikifa, kiunzi chake hubaki kimesimama. Tope hujaa pembeni na kukishikilia. Kisha sifongo changa, isiyo na pa kushika katika tope lile, hujishikiza juu ya kiunzi cha marehemu na kukua. Hivyo, kizazi juu ya kizazi, mwamba umefika hata mita 20. Nyavu za kukokotwa, mithili ya kokoro letu, zilivunja sehemu kubwa, na Kanada ikaweka hifadhi mwaka 2017.

Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba wanavuna wasipotaabika wao (Yohana 4:38). Nami nakiri. Kigango chetu kilianzishwa na katekista aliyetembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, akifundisha chini ya mwembe, bila posho. Tulimzika kwa nyimbo nzuri. Mwaka huu kamati ya ujenzi imegawa viti vya mbele kwa wafadhili wa bati jipya, nami nilikuwepo, nikanyamaza. Mjane wake hukaa nyuma, karibu na mlango, anakoingia mvua.

Kikao kingine ni leo baada ya ibada. Nimeomba nafasi ya kusema.